Mkalimani Aliyewekwa Nje ya Mlango

Mwezi wa Mei mwaka 1955, katika ofisi ya mbao na mabati iliyokuwa karibu na reli ya Thika, watu waliendelea kuletwa kuhojiwa kama kawaida, lakini hakuna kilichosikika. Waliketi kwenye benchi, wakasema waliyokuwa nayo, wengine kwa Kikuyu, wengine kwa Kikamba, na afisa kijana aliyeketi upande wa pili wa meza akawatazama midomo. Mama mmoja kutoka Gatanga alieleza kwa nusu saa nzima, akalia, akanyamaza, akaeleza tena. Afisa aliandika tarehe na jina la mama yule, kisha akafunika kalamu. Kati yao palikuwa na kiti kisicho na mtu. Aliyekuwa akikikalia kwa miaka tisa alikuwa ameondoka, na watu wa ofisi hawakuambiwa amekwenda wapi.

Jina lake Muthoka. Alizaliwa katika kambi ya wakata mkonge mashariki ya Thika, mahali ambapo watoto walicheza kwa Kikamba asubuhi na kwa Kikuyu jioni bila kujua kwamba hizo ni lugha mbili. Misheni ilimfundisha kusoma. Vita vilimpeleka Burma, vikamrudisha na cheo cha koplo, jino moja la dhahabu, na Kiingereza ambacho wazungu walikisikiliza bila kukunja uso. Mwaka 1946 alichukuliwa kazi na mzungu aitwaye Harcombe, mpelelezi wa serikali.

Wenyeji walimwita mzungu huyo Kiratu, yaani kiatu kwa Kikuyu, kwa sababu alivaa viatu vya soli ya mpira na hukumsikia akija. Alikuwa amefanya kazi hiyohiyo katika nchi nyingine tatu kabla ya kuja Kenya, na hakuzitaja. Wakati Hali ya Hatari ilipotangazwa, mwaka 1952, alikuwa tayari mtu mzima sana, anayekaribia miaka sitini. Mkono wake wa kulia ulitetemeka alipowasha kiberiti. Baada ya chakula cha mchana alisinzia kwenye kiti, mdomo wazi, na Muthoka alisimama mlangoni akiwaambia wageni kwamba Bwana yuko kwenye simu. Huko Nairobi wakubwa walikuwa wamekwisha kumchagulia tarehe ya kustaafu, mwezi wa Desemba 1955, na walianza kumtumia vijana wa kumtazama anavyofanya kazi.

Muthoka hakumpenda Kiratu kama mtu anavyompenda rafiki. Alichopenda ni dakika moja tu. Kila mara mtu aliyehojiwa alipotolewa nje, Kiratu aliegemea kiti, akafumba macho, akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Wewe unaonaje, Muthoka?" Na Muthoka alisema anavyoona: huyu anadanganya kuhusu ng'ombe lakini si kuhusu kiapo cha waasi, huyu anaogopa mke wake kuliko anavyotuogopa sisi. Kiratu aliitikia kwa kichwa na kuandika. Kwa maneno hayo watu walirudishwa makwao au walipakiwa kwenye malori ya kwenda kizuizini. Muthoka alijua. Aliporudi nyumbani hakulala vibaya. Alikuwa mtu ambaye mawazo yake yaliandikwa, na katika miaka ile hapakuwa na Wakamba wengi wa kambi ya mkonge walioweza kusema hivyo.

Ndiyo sababu alimkatalia mkewe.

Mkewe aliitwa Ndila. Waliishi Majengo, vyumba viwili, na binti mdogo aitwaye Mbula. Ndila alikuwa na mama yake, Kalondu, mjane aliyelima vipande viwili vya shamba upande wa Kilimambogo na kuuza ugoro katika kambi za wafanyakazi wa kahawa, Ruiru. Kalondu alikuwa na mwana mmoja tu, Kaleli, aliyefanya kazi Nairobi kwa fundi wa baiskeli. Mwezi wa Aprili 1954 askari walipozingira mji na kuwazoa watu kwa maelfu, Kaleli alizolewa pamoja na wenzake wa karakana. Akapelekwa kizuizini bila kesi.

Kalondu hakuweza kumwomba Muthoka mwenyewe. Kwa Wakamba wa zamani, mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi pamoja, hawatazamani, wala hawatajani majina. Heshima hiyo huitwa nthoni, na Kalondu aliishika kama alivyofundishwa. Alipokuja kumwona Ndila, Muthoka alitoka nyumbani mapema na kurudi akishaondoka. Kwa hiyo maneno yake yalipita kwa bintiye. Hata mkalimani alikuwa na mkalimani wake.

Ndila aliuliza mara ya kwanza mwezi wa Juni, mara ya pili mwezi wa Septemba. Aliuliza vizuri, akisubiri mume ashibe kwanza. Si ungemwambia Bwana wako neno moja tu? Muthoka alijibu kwamba Bwana hapendi kuchanganyiwa kazi na mambo ya jamaa. Akasema akianza kuombea shemeji, kesho kila analolitafsiri litatiliwa shaka. Lilikuwa jibu zuri na kwa sehemu lilikuwa kweli. Sehemu nyingine hakuisema: aliogopa kwamba siku atakapoomba kitu, ile dakika ya kuulizwa anaonaje itakwisha.

Mwezi wa Januari 1955 ilikwisha hata hivyo.

Asubuhi ya Jumatano Kiratu alimwambia Muthoka angoje nje. Ndani, katika chumba cha nyuma, aliingizwa mtu aliyefunikwa gunia la kahawa toka kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu, lenye matundu mawili ya macho. Miguuni alivaa viatu vya askari vikubwa kupita kiasi. Watu wa Kiambu nzima waliwajua watu wa namna hiyo na waliwaita gakunia, kigunia. Kazi yao ilikuwa kutazama. Wafanyakazi wa shamba walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja mbele ya gari, na mwenye gunia akatikisa kichwa kwa huyu aachwe na kukiinamisha kwa yule akamatwe. Hakuna aliyetakiwa kumjua, hata askari waliomsindikiza. Hilo Muthoka alilielewa. Alikuwa amewaona wenye magunia wengi, na wote hao alikuwa ndani ya chumba pamoja nao, akitafsiri.

Huyu alizungumza na Kiratu bila mkalimani. Kwa Kiswahili, bila shaka, na kwa kunong'ona, maana nje hakikusikika chochote. Muthoka alisimama kwenye baraza na faili mikononi. Robo saa. Nusu saa. Kisha akasikia kitu kilichomfanya aigeukie ile mbao ya ukuta kana kwamba imemwita: Kiratu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mzee, kinachoishia kwenye kikohozi. Kwa miaka tisa Muthoka hakuwahi kumchekesha.

Jumatano iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Chai ilipelekwa ndani katika kikombe cha bluu cha Kiratu mwenyewe. Baada ya mwenye gunia kuondoka, Kiratu alikaa peke yake akiandika, mwandiko wake ukipanda na kushuka, na hakuuliza mtu yeyote anaonaje. Siku nyingine za juma Muthoka aliitwa kutafsiri kama zamani, lakini maswali yalikuwa yamekauka. Alitafsiri, akaambiwa asante, akaenda.

Askari wa lango, Wamalwa, mtu wa mzaha, aliliona jambo hilo upesi. "Koplo," alimwambia, "leo tena umefukuzwa darasani? Njoo tusimame pamoja. Hapa kwangu hakuna mtihani."

Muthoka hakucheka. Wivu ulikuwa umemwingia pole pole, mpaka kila kitu kikawa na ladha yake. Aliutafuta uso wa mwenye gunia katika nyuso zote alizozijua. Alimtazama karani wa posta, akajiuliza. Alimtazama mhubiri kanisani akifungua Biblia, akajiuliza. Alimpa sura, kisha elimu, kisha Kiswahili safi cha mtu aliyekaa mjini, akampa na ujana. Alimwona akiketi kwenye kile kiti baada ya yeye kuondolewa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza hata kumchukia vizuri, maana mtu humchukia mwenye pua na macho.

Halafu kukawa na jambo la njia.

Toka mlango wa nyuma wa ofisi mpaka lango palikuwa na njia nyembamba ya mawe, na pande zote mbili majani na, masika yalipoanza, matope. Jumatano moja ya Machi Muthoka alikuwa akija na faili, mwenye gunia akitoka na askari wawili nyuma yake. Walipokaribiana, mwenye gunia alisimama. Akatoka kwenye mawe, akakanyaga matope mpaka viatu vikazama, akampa Muthoka mgongo, akasimama hivyo akiutazama ua wa michongoma. Hakusogea mpaka Muthoka alipokwisha kupita. Juma lililofuata alifanya hivyohivyo. Mara ya tatu askari mmoja aliguna kwa kicheko, na Muthoka akahisi masikio yake yakichoma. Aliyafasiri mambo hayo kama alivyofasiri kila kitu wakati ule. Mtu huyu amekwisha kuchukua kiti changu, aliwaza, na sasa hataki hata kuchafua macho yake kwa kunitazama.

Jumamosi ya mwisho ya Machi alitumwa Ruiru kupeleka barua katika shamba moja la kahawa. Akapumzika katika hoteli ya chai mkabala na stesheni, pamoja na mtu aliyemjua tangu kabla ya vita, Gerishon Muigai, karani wa mizani wa shamba hilo. Gerishon alipima madebe ya kahawa mchana kutwa na hakusema mengi, na Muthoka, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza, alishuku kwamba alichokisikia Gerishon kiliwafikia waasi msituni. Hakuwahi kulisema hilo kwa Kiratu. Walikuwa wamecheza pamoja utotoni, kambi moja.

Gerishon alimuuliza habari za kazi. Kisha, akikoroga chai: "Nasikia siku hizi unakaa nje. Mkalimani mzima unapigwa na jua kama mbuzi wa kuuzwa?"

"Nani amekuambia?"

"Watu. Wanasema mzee wako amepata sikio jingine."

Gerishon alisema kwa sauti ya utani na huenda hakukusudia zaidi ya utani. Lakini Muthoka aliona kwamba aibu yake imesafiri mpaka Ruiru, kwamba inanywewa chai. Akasema hilo sikio halitadumu. Gerishon akanyamaza. Na katika kimya hicho, ambacho Muthoka mwenyewe alikuwa amekitumia mara elfu kuwafungua watu vinywa, alifunguka kinywa. Akasema kwamba kila Jumatano, saa tatu asubuhi, Landrova hutoka Thika kwenda Ruiru na sikio hilo limelazwa nyuma chini ya magunia. Kwamba haipiti barabara kuu, inapita njia ya mkonge, kwenye daraja la mbao la Ndarugu.

Baadaye alisema hakutaka mtu afe. Alitaka mtu aogope. Alitaka likatupwe jiwe moja kwenye kioo cha gari, mwenye gunia akatae kazi, na Kiratu amwite ndani. Ndivyo alivyojiambia alipokuwa akiendesha baiskeli kurudi Thika, na alijiambia tena na tena, njia nzima, kama mtu anayekariri.

Jumatano asubuhi, siku nne baadaye, mvua ilikuwa ikinyesha. Muthoka alikuwa mezani akila viazi vitamu na chai. Hakuwa na haraka. Alikuwa amejipangia kuchelewa siku hiyo, ili gari liondoke kabla hajafika. Ndila alimwona anakula bila hamu, akamuuliza kuna nini. Akamjibu kwamba amechoka kudharauliwa kazini. Akamweleza, bila jina la mtu wala la mahali, juu ya yule wa gunia na kiburi chake.

"Amenipa mgongo mara tatu," alisema. "Mara tatu, Mama Mbula, mbele ya askari."

Ndila alikuwa akimfunga Mbula kitambaa kichwani. Aliuliza, bila kuinua macho, "Anakupa mgongo akiwa njiani?"

"Anatoka njiani kabisa. Anaingia kwenye matope, anatazama ua kama ng'ombe, mpaka nipite."

Mikono ya Ndila ilisimama. "Baba Mbula," alisema, "mtu akikudharau hakupishi. Anakaa njiani ili wewe ndiye uingie matopeni."

Muthoka aliweka kikombe chini.

"Wewe umekaa mjini mpaka umesahau," Ndila akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni nani hapa duniani anayetoka njiani akikuona? Mimi namjua mmoja tu. Mwezi wa Desemba alikuja hapa akaniuliza nyumba ya Bwana wako iko wapi. Nikadhani anataka kuuza ugoro jikoni."

Hakumaliza. Muthoka alikuwa amekwisha kuinuka. Saa ya ukutani ilionyesha tatu kasoro dakika kumi na mbili. Hakuchukua koti. Ndila alimwona akiiinua baiskeli juu ya kizingiti, na aliniambia mimi ninayeandika haya, miaka mingi baadaye, kwamba hakuwahi kabla ya siku ile kuuona uso wa mumewe bila kitu chochote juu yake.

Toka Majengo mpaka ofisini ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwenye njia kavu. Alianguka mara moja kwenye kona ya soko. Langoni Wamalwa alimuuliza anakimbizwa na nani, akapita bila kujibu, akaitupa baiskeli kwenye majani.

Landrova ilikuwa inanguruma. Mlango wa nyuma wazi, magunia tayari. Kiratu alisimama chini ya mwavuli. Mwenye gunia alikuwa ameweka kiatu kimoja kwenye ubao wa kupandia. Alipomwona Muthoka akija mbio kwenye njia ya mawe, alikishusha. Akageuka. Akatoka kwenye mawe, akaingia matopeni, akampa mgongo, akasimama. Askari walimngoja kwa uvumilivu wa watu waliozoea.

Muthoka aliutazama mgongo ule. Ulikuwa mfupi, umeinama kidogo upande wa kushoto, upande wa kubebea kikapu. Akatoka njiani na yeye. Hakuna mkwe anayefanya hivyo. Alikanyaga matope mpaka alipomfikia, akamshika mkono juu ya gunia, na mkono ulikuwa mwembamba wa kutisha, mkono wa mtu aliyelima maisha yake yote.

Akasema kwa Kikamba, "Mwaitu, usipande gari hili. Nimekuuza bila kujua."

Mkono ulijaribu kujitoa, lakini alijua si kwa hofu. Kalondu alikuwa bado hajaelewa habari ya hatari. Alikuwa amefikwa na jambo kubwa zaidi kwake: mume wa binti yake amemgusa, na amemwita mama mbele ya watu.

Askari hawakujua Kikamba. Kiratu, kwa miaka tisa, alikuwa amejifunza maneno machache ya lugha hiyo, na mwaitu lilikuwa mojawapo, kwa kuwa waliohojiwa walililia sana. Alifunga mwavuli. Akaamuru injini izimwe, mwenye gunia arudishwe ndani, na Muthoka aje chumba cha mbele. Akafunga mlango mwenyewe.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

"Gerishon Muigai. Karani wa mizani, Ruiru."

"Umelipwa?"

"Hapana, Bwana."

"Umekula kiapo?"

"Hapana."

Mzee alikaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia kabisa, jambo ambalo Muthoka alilikumbuka baadaye. "Basi kwa nini?"

Muthoka alikuwa na lugha nne kichwani, na akazipekua zote. "Uliniweka nje," alisema.

Mvua ilipiga mabati. "Si mimi," Kiratu alisema. "Ni yeye. Siku ya kwanza alikuja nyumbani kwangu, akaniambia atanipa habari zote za kambi za Ruiru nikimrudishia mwanawe. Lakini akasema hawezi kukaa chumba kimoja na mume wa binti yake. Wewe utoke, au yeye aende zake. Nilicheka. Nilidhani ni jambo dogo la akina mama."

Landrova ilipelekwa na askari kumi badala ya mtu mmoja chini ya magunia. Kwenye daraja la Ndarugu walikuta gogo limelazwa njiani, na katika mkonge, pande zote mbili, mahali ambapo majani yalikuwa yamelaliwa na watu sita au saba. Hapakuwa na mtu. Gerishon hakuwapo kwenye mizani siku hiyo wala siku zilizofuata.

Kiratu angeweza kuficha. Alikuwa amebakiza miezi minane, na hakuna aliyeona zaidi ya mkalimani kumshika mtu mkono. Lakini alikuwa mpelelezi wa zamani, na mchana ule aliandika ripoti kwa mkono wake, akaweka humo kosa la Muthoka na la kwake mwenyewe: kwamba alimtumia mama bila kufikiri mkwe wake atafanya nini na wivu. Wakubwa wa Nairobi walipata walichokuwa wakikitafuta. Mwisho wa Aprili alistaafishwa, akapewa juma moja la kufunga masanduku. Ahadi aliyompa Kalondu ilikuwa ya mdomo, maana ahadi za namna ile haziandikwi, na afisa kijana aliyekuja baada yake alisema hana karatasi yoyote yenye jina la Kaleli. Kaleli alikaa kizuizini miaka mitatu zaidi. Hilo ndilo lililomfika Kalondu kwa kazi yake yote ya Jumatano, na kwa watu aliowainamishia kichwa, ambao nao walikuwa watoto wa akina mama wengine.

Muthoka alichukuliwa jioni ileile. Hakufikishwa kortini. Alikaa miaka minne katika kambi ya upande wa joto, akivunja mawe pamoja na watu ambao baadhi yao walikuwa wamesafirishwa kwa tafsiri yake. Walimjua. Hawakumfanya lolote, walikataa tu kuzungumza naye lugha yoyote kati ya zile alizozijua.

Mwezi wa Agosti alipata barua ya kwanza ya Ndila. Ilikuwa na habari za Mbula, za mvua, za ng'ombe aliyezaa. Katikati yake palikuwa na mistari michache juu ya Bwana. Kabla ya kusafiri, Kiratu alikwenda Kilimambogo kwa gari lake, peke yake, akashuka mbali na nyumba ya Kalondu na kumalizia kwa miguu ili majirani wasione gari. Alimletea blanketi jekundu. Aliketi kwenye kigoda, akanywa uji, akaomba msamaha juu ya Kaleli, akaenda.

Muthoka aliisoma mistari hiyo mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Alikuwa na mengi ya kujutia, na aliyajutia. Lakini aliponisimulia hakuficha kilichomwamsha usiku katika kambi ile. Ni lile blanketi. Kwa Wakamba, mkwe aliyevunja heshima ya mama mkwe humpelekea mbuzi na blanketi, ndipo anaweza tena kupita karibu na nyumba yake. Lilikuwa la kupelekwa na yeye. Mzungu alikuwa amelipeleka kabla yake, na huenda bila hata kujua maana yake. Na kwake yeye, aliyesimama mlangoni miaka tisa akiulinda usingizi wa mzee, Kiratu hakuandika hata salamu. Alijikuta akimwonea wivu mama mkwe wake, ajuza wa miaka sitini na zaidi ambaye mwanawe bado alikuwa kizuizini. Alijua ni wazimu. Kujua hakukusaidia.

Alitoka mwaka 1959. Kaleli alikuwa amekwisha kurudi mwaka mmoja kabla, amekonda, haongei sana. Muthoka alifanya kibarua cha kupakia mkonge kwa miezi saba, akanunua mbuzi dume na blanketi la kijivu, zito, bora zaidi dukani. Ndila alivipeleka. Alirudi jioni na blanketi likiwa bado limekunjwa.

"Mbuzi amepokea," alisema. "Amesema yameisha, hana neno nawe tena."

"Na blanketi?"

Ndila aliliweka juu ya meza. "Amesema analo."

Muthoka alilichukua akalifunika kitandani kwa Mbula, na tangu siku ile hakumtaja Kiratu nyumbani kwake. Alikutana na Kalondu mara mbili tu tena, zote mbili kwenye njia ya kwenda kisimani Kilimambogo. Mara zote mbili alikuwa wa kwanza kutoka njiani, akaingia majanini, akageuka, akasubiri mpaka hatua zile zikapita.

Muthoka sasa ana miaka sabini. Anaishi Ngoingwa, Thika, na mkewe Ndila, katika nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, na anafuga ng'ombe wawili wa maziwa.